Mombasa hadi Nairobi, Jeddah au Dubai: mwongozo kamili wa kupima umbali na muda wa safari ya ndege

Shangazi yangu alifika uwanja wa ndege wa Moi tarehe 12, saa nne usiku, sanduku lake limefungwa kamba na karatasi zote zimo mkobani. Tiketi yake ya kwenda Umra ilisema tarehe 12, 00:55. Kijana wa kaunta akaisoma mara mbili, kisha akamwambia kwa upole: "Mama, ndege yako iliondoka usiku wa kuamkia leo."

Aliyemsomea tiketi nyumbani ni mimi. Nilimwambia "tarehe kumi na mbili, usiku", na yeye akaelewa kama ambavyo mtu yeyote wa pwani angeelewa. Tiketi ile ilipotea na akiba ya miaka nayo. Tangu siku hiyo sijawahi kumsomea mtu tiketi bila kalamu na karatasi, na majirani zetu hapa Kibokoni wamezoea kuniletea zao. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayofanya nao, hatua kwa hatua.

Kabla sijaanza, jambo moja la lugha. Mtu akiuliza "Jeddah saa ngapi?" huenda anauliza ndege inaondoka wakati gani, au inachukua muda gani, na ukimjibu "saa nne" hujamjibu kitu. Ni saa nne asubuhi, au ni muda wa saa nne? Wasanifu wa Kiswahili watanisamehe: humu nitaandika "masaa" nikimaanisha muda, na "saa" nikimaanisha wakati. Nimeona watu wakikosa ndege kwa neno hili moja.

Hatua ya kwanza: jua ni umbali gani unaouulizia

Chukua Mombasa na Nairobi. Kwa barabara ni takriban kilomita 480. Kwa reli ya SGR, kutoka Miritini hadi Syokimau, ni kilomita 472. Kwa ndege, kutoka uwanja wa Moi hadi Jomo Kenyatta, ni kama kilomita 420. Miji ni ileile miwili, na tarakimu zote tatu ni za kweli. Barabara na reli hupinda kufuata ardhi na vituo, ilhali ndege hukata moja kwa moja.

Kwa hiyo ukifungua ramani ya Google Maps na kuandika "Mombasa hadi Nairobi", jibu la kwanza utakalopewa ni la gari. Usilitumie kukadiria ndege. Badala yake, bonyeza uwanja wa Moi kwa kidole usiachie mpaka alama itokee, halafu chagua kupima umbali, kisha sogeza ramani hadi uwanja unaokwenda. Hapo utapata mstari ulionyooka.

Angalia pia kipimo. Tovuti za safari za ndege huandika kilomita, maili za kawaida au maili za baharini, wakati mwingine zote pamoja. Maili ya kawaida ni kilomita 1.609, ya baharini ni kilomita 1.852. Umbali ule wa Nairobi ni kilomita 420, au maili 261, au maili za baharini 227. Nimeshaona mtu akibishana na ajenti kwamba amedanganywa, kumbe mmoja anasoma kilomita na mwingine maili.

Hatua ya pili: pima mwenyewe kwa penseli

Hatua hii unaweza kuiruka ukiwa na simu nzuri. Mimi naipenda, na watoto wa shule hunifurahia ninapowaonyesha.

Dunia imegawanywa kwa nyuzi. Kila uzi mmoja wa latitudo, yaani wa kwenda kaskazini au kusini, ni kama kilomita 111, popote ulipo duniani. Uzi huo una dakika 60, na kila dakika ni maili moja ya baharini, ndiyo maana manahodha na marubani wanatumia maili hiyo hadi leo.

Uwanja wa Moi uko nyuzi 4.0 kusini ya ikweta na nyuzi 39.6 mashariki. Jomo Kenyatta uko nyuzi 1.3 kusini na 36.9 mashariki. Toa: tofauti ni nyuzi 2.7 kwa upande mmoja na nyuzi 2.7 kwa upande wa pili. Zidisha kila moja kwa 111, unapata kama kilomita 300 kwa 300. Safari ya kwenda Nairobi basi ni kama kukata mraba kutoka pembe hadi pembe. Tumia kanuni ya Pythagoras ya darasani: 300 mara 300, ongeza 300 mara 300, tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni 424. Umetumia penseli tu, na umekaribia kipimo cha kompyuta kwa kilomita chache.

Jeddah, mlango wa kuingilia Makka, ni rahisi zaidi, na hapa watu wa Mombasa tuna bahati ya pekee. Makka iko kaskazini yetu hasa: Mombasa ipo longitudo (nyuzi za mashariki au magharibi) 39.7 mashariki, Makka 39.8. Ingia msikiti wa Mandhry, uliojengwa Mji wa Kale mwaka 1570, usimame kwenye safu, uso wako utaelekea kaskazini. Wazee wetu walifika hata wakauita upande wote wa kaskazini "kibla". Basi kupima umbali wa Jeddah huhitaji Pythagoras. Sisi tuko nyuzi 4.0 kusini ya ikweta, uwanja wa Jeddah uko nyuzi 21.7 kaskazini. Jumlisha, kwa kuwa mmoja yuko huku na mwingine kule: nyuzi 25.7. Mara 111 ni kilomita 2,850 na kidogo.

Tahadhari ni kwa miji ya mbali iliyo upande wa mashariki au magharibi. Nyuzi za longitudo hazina upana mmoja. Menya chungwa uone: kila kipande ni kinene katikati na chembamba kwenye ncha. Pale ikweta uzi mmoja wa longitudo ni kilomita 111, lakini kwenye latitudo ya Dubai umeshapungua hadi kama 101, na ukifika Ulaya unapungua sana. Kwa miji hiyo naacha penseli, natumia simu. Umbali wa Mombasa hadi Dubai ni kama kilomita 3,670, hadi Istanbul kama 5,160, hadi Frankfurt kama 6,700. Zanzibar, jirani yetu, ni kilomita 245 hivi.

Hatua ya tatu: geuza kilomita ziwe masaa

Kanuni yangu ni hii: gawa umbali kwa 800, kisha ongeza nusu saa.

Mia nane inatoka wapi? Ndege kubwa ya injini za jeti, ikishafika juu na kutulia, huenda kwa mwendo wa kilomita 830 hadi 900 kwa saa. Lakini haiishi kupinda kidogo kufuata njia zilizopangwa angani, kwa hiyo 800 ni makadirio ya haki. Ile nusu saa ni ya mambo ambayo kilomita hazionyeshi: kusukumwa nyuma kutoka kwenye maegesho, kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanda, kisha upande wa pili kupunguza mwendo, kujipanga na kutua. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huhesabu hayo yote, tangu magurudumu yanapoanza kusogea hadi yanaposimama tena mwisho wa safari.

Jaribu Nairobi: 420 gawa kwa 800 ni dakika 32, ongeza 30, ni dakika 62. Ndivyo ratiba zinavyosema, dakika 60 na kidogo, ingawa hewani hasa hukai sana zaidi ya dakika 45. Addis Ababa, kilomita 1,440, inakuja masaa mawili na dakika 18. Jeddah moja kwa moja ingekuwa masaa manne na dakika chache. Dubai ni masaa matano na dakika kadhaa, na ratiba mara nyingi huongeza robo saa juu yake. Istanbul ni karibu masaa saba.

Ndege ndogo za mapanga (propela) haziwezi mwendo huo. Kwa hizo gawa kwa 500. Safari ya Zanzibar basi ni kama dakika 48 kwa jeti na karibu dakika 60 kwa ndege ya mapanga. Tofauti ni ndogo kwa sababu njia ni fupi. Kwenye njia ndefu tofauti hiyo ingekuchosha.

Watu huniuliza kuhusu upepo. Kusi na kaskazi, zilizowaleta na kuwarudisha wenye majahazi, huvuma chini, na ndege huzihisi zaidi inaporuka na kutua, kwa kuwa rubani hupenda kuukabili upepo. Huko juu mambo mengine. Upepo mkali wa kutoka magharibi kwenda mashariki unapatikana zaidi mbali na ikweta, hivyo anayevuka Ulaya au Atlantiki huona safari ya kwenda na ya kurudi zikitofautiana. Sisi tunaokwenda kaskazini na kusini kwenye ukanda huu hatuoni tofauti kubwa.

Hatua ya nne: hesabu njia nzima, si miji miwili

Hapa ndipo pesa na nguvu za mtu zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tiketi ya Mombasa hadi Jeddah inaweza kukupitisha Nairobi, Addis Ababa au Dubai, na bei zikikaribiana mtu huchagua yoyote. Pima kila njia kwanza.

Kupitia Addis: kilomita 1,440 kisha 1,410. Jumla 2,850, sawasawa na kwenda moja kwa moja! Addis iko karibu kabisa na mstari wetu wa kaskazini, hupotezi kilomita hata moja ya maana. Kupitia Nairobi: 420 kisha 2,570, jumla 2,990. Umeongeza kilomita 140 tu. Kupitia Dubai: 3,670 kisha 1,700, jumla 5,370. Hiyo ni karibu mara mbili. Unapelekwa mashariki kupita unakokwenda, halafu unarudishwa.

Kwa masaa ya ndege tu, bila kungoja, Addis inakuja kama manne na nusu, Nairobi karibu manne na dakika 45, Dubai karibu manane. Kila unapotua, ile nusu saa inalipwa upya. Kijana mwenye miguu yake na biashara Dubai, mwache apite. Mama wa miaka sabini mwenye magoti, mimi simpeleki huko hata ikiwa nafuu ya shilingi elfu kadhaa.

Kisha ongeza muda wa kungoja. Ukiunganisha ndege kwa tiketi moja, masaa mawili hadi matatu yanatosha kwa kawaida, na mizigo hupitishwa hadi mwisho wa safari. Hakikisha tu kaunta ya Mombasa kwamba kipande kilichobandikwa kwenye sanduku kina jina la mji wa mwisho. Ukinunua tiketi mbili tofauti, moja ya Mombasa hadi Nairobi na nyingine ya kwenda ng'ambo, kila tiketi inasimama peke yake. Utachukua sanduku, utatoka, utaingia jengo lingine, utapanga foleni upya, na ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikungoji. Mtu wa tiketi mbili namshauri masaa matano, na ikiwa ndege ya ng'ambo ni ya jioni, akinisikiliza aende Nairobi asubuhi.

Hatua ya tano: soma saa ya tiketi kwa Kiswahili

Tiketi huandika saa kwa tarakimu 24, kuanzia usiku wa manane. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza. Kuzigeuza, fanya hivi: tarakimu za 00 hadi 06, ongeza sita. Za 07 hadi 18, toa sita. Za 19 hadi 23, toa kumi na nane. Hivyo 14:20 ni saa nane na dakika 20 mchana, 19:00 ni saa moja usiku, 04:10 ni saa kumi na dakika kumi alfajiri, na ile 00:55 ya shangazi ni saa saba kasoro dakika tano usiku.

Mwenye kupita Addis atafurahi kujua kwamba Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi. Tiketi na mbao za uwanjani, hata hivyo, hufuata tarakimu 24.

Kugeuza saa ni rahisi. Tarehe ndiyo iliyotuponza sisi. Kwetu pwani siku mpya huingia jua likitua, kwa hiyo mzee akisema "usiku wa Ijumaa" mara nyingi anamaanisha usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, huku kijana wake akimaanisha ule unaoufuata. Tiketi haijui maghribi. Yenyewe hubadilisha tarehe saa sita usiku. Kila unapoona tarakimu zinaanza na 00, 01, 02 au 03, mwenye safari lazima atoke nyumbani usiku wa tarehe iliyotangulia. Mimi sasa husema siku zote mbili kwa mdomo: "Ni usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, Jumanne ukishaswali isha, uko njiani." Kisha namwomba anirudishie kwa maneno yake.

Hatua ya sita: tofauti ya saa baina ya nchi

Saa zote kwenye tiketi ni za mji husika. Kenya, Ethiopia, Saudia na Uturuki zinafuata saa ileile, kwa hiyo ukitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika unapata muda kamili. Dubai na Muscat ziko mbele kwa saa moja. Mfano: unaondoka Mombasa 14:00, unafika Dubai 20:20. Inaonekana masaa sita na dakika 20, lakini moja ni la tofauti, safari ni masaa matano na dakika 20. Kurudi unaondoka 09:00 na kufika 13:20. Inaonekana masaa manne na dakika 20, ongeza moja, ni yaleyale.

Ulaya hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Ujerumani iko nyuma yetu kwa masaa mawili wakati wa baridi na moja wakati wa joto. Uingereza kwa matatu, kisha mawili.

Na hata pale saa zinapolingana, jua halilingani. Mwezi wa Juni, Mombasa maghribi huingia kama saa kumi na mbili na dakika 20, Jeddah hupita saa moja usiku. Mwenye kufunga aliyesafiri mchana huo ataongeza karibu dakika 50 za kungoja futari.

Hatua ya saba: mlango hadi mlango

Uwanja wa Moi uko Port Reitz, bara. Ukitoka Mji wa Kale hazizidi kilomita 15, ila unapita Makupa na Changamwe pamoja na malori ya bandari. Siku njema ni nusu saa, siku mbaya ni dakika 90. Anayetoka Mtwapa au Bamburi ana daraja la Nyali mbele yake, atoe masaa mawili nyakati za asubuhi na jioni. Anayetoka Likoni aamue mapema: feri au barabara ya Dongo Kundu. Mlango wa Likoni ni kama nusu kilomita ya maji, na umewahi kumchelewesha mtu kuliko kilomita zote za kwenda Nairobi. Mwenye gari na ndege ya kuwahi, apite Dongo Kundu.

Uwe uwanjani masaa matatu kabla kwa safari ya nje, mawili kwa ya ndani. Kaunta hufungwa mapema kuliko watu wanavyodhani, mara nyingi dakika 60 kabla kwa safari za nje.

Ukijumlisha haya, safari ya Nairobi ya "dakika 60" inakuwa masaa matano toka mlango wa nyumbani hadi katikati ya jiji. Gari moshi la Madaraka Express lenyewe huchukua kama masaa matano hadi sita, ukiongeza Miritini na Syokimau yanafika manane hivi. Basi ni manane hadi kumi barabarani peke yake. Kwa mwenye mzigo mwingi na haraka kidogo, treni inajibu kabisa.

Karatasi ya mwisho

Nikimaliza hesabu namwandikia msafiri karatasi moja kwa herufi kubwa, ikae mlangoni. Ya shangazi, aliposafiri mara ya pili, ilikuwa hivi:

TOKA NYUMBANI: Jumanne, saa tatu na nusu usiku, baada ya isha.
UWANJANI: saa nne na nusu usiku.
NDEGE INARUKA: saa saba na nusu usiku, kuamkia Jumatano (tiketi inasema Jumatano 01:30).
ADDIS: kufika saa kumi kasoro dakika kumi alfajiri. Usitoke nje. Fuata wenzako.
JEDDAH: kufika Jumatano saa tatu na nusu asubuhi. Saa yako usiibadilishe.

Aliisoma kwa sauti mara tatu, akaikunja, akaitia ndani ya msahafu wake. Saa mbili na nusu usiku siku hiyo ya Jumanne alikuwa ameshakaa barazani, sanduku miguuni, akiniuliza gari liko wapi.